Kuvu Tuliyokuwa Tukiitupa

Sokoni Kibomet waliniita Mama Makohozi. Sikukasirika sana, isipokuwa siku moja nilipochagua fungu la sukuma wiki, nikabadilisha mawazo, nikalirudisha mezani. Mama wa mboga alilitazama kama nimelitemea. "Enda nayo tu, madam," akaniambia. "Hata pesa wacha." Nikaenda nayo, nikaipika, nikaila, na ilikuwa tamu.

Ndiyo kazi niliyoifanya mpaka nikastaafu, vijana wangu: kupokea kile ambacho mtu mwingine amekikohoa, kukiweka chini ya darubini, na kusema kuna nini ndani. Mmeniomba niwaandikie kitu cha kuwatia moyo nyinyi mnaoanza kazi ya maabara. Samahani, mmekosea mlango. Nilicho nacho ni habari za msichana mmoja wa kule Kwanza, nje ya Kitale, aliyeitwa Nekesa, ambaye alitibiwa TB aliyokuwa hana, na habari za mama yake, ambaye ukoo mzima ulisema ndiye anayemaliza watoto wa mtoto wao. Tulikuwa na jibu la wote wawili kwenye meza yetu pale Kitale, na tulikuwa tukilichoma moto pamoja na taka.

Lakini kwanza mjue tulivyokuwa tukifanya kazi, maana nyinyi mna mashine ambayo unaiwekea makohozi halafu unaenda kunywa chai.

Aliyenifundisha ni Bwana Mwangi, mkuu wa maabara. Wazazi wake walitoka upande wa Nyeri wakanunua shamba Trans-Nzoia, na yeye akakulia hapo hapo. Kanisani alikuwa akienda kila Jumapili, lakini ukiniuliza mimi, alichoabudu yule mtu ni usafi. Somo lake la kwanza lilikuwa fupi: mate si makohozi. Mgonjwa ukimpa kikopo na kumwambia tema, atakutemea mate, tena kwa heshima. Hayo rudisha. Mpeleke nje kwenye upepo, asukutue mdomo, avute pumzi ndefu, aishike, aiachilie, halafu akohoe kutoka pale mguno unapotoka akiinua gunia la mahindi. Na wewe simama nyuma yake. Ukisimama mbele yake eti unamtia moyo, mwaka ujao utakuwa wewe na kikopo mkononi.

Halafu kuna kupaka rangi. Rangi nyekundu unaimwaga juu ya kioo, unapitisha moto chini mpaka mvuke utoke. Mvuke, nimesema, si kuchemka. Mimi wiki yangu ya kwanza niliichemsha kama ya chai, kioo kikapasuka, na shati jeupe la Bwana Mwangi likapata madoa ambayo mke wake alimuuliza amechinja nini. Hakunigombeza. Aliniambia nioshe sakafu, na nilipomaliza akaniambia nioshe tena.

Sasa hili ndilo nataka mlisikie. Kitale ikifika wakati wa kuvuna, mji mzima ni mahindi. Malori yanapita usiku na mchana, kila uani kuna watu wanapura, yaani wanayapiga magunzi kwa fimbo mpaka punje ziachane nayo, na vumbi lake linaingia hadi kwenye chupa iliyofungwa. Sisi tulikuwa tunaotesha makohozi kwenye visahani vyenye chakula cha damu, kuona ni vijidudu gani vitamea. Msimu huo, kila mara unafungua kisahani unakuta manyoya ya kijani kibichi, ya kijivu, mengine meusi. Kuvu. Bwana Mwangi alikuwa na jibu moja: "Hiyo ni kuvu ya Kitale, si ya mgonjwa. Tupa." Tukatupa. Nairobi chuoni tulifundishwa hivyo, na waliotufundisha walifundishwa hivyo, na mara nyingi sana ilikuwa kweli.

Nekesa aliletwa miaka ya themanini ikielekea mwisho. Alikuwa darasa la sita, lakini mwili wake ungedhani ni wa darasa la pili. Ncha za vidole vyake zilikuwa zimevimba zikawa mviringo, kucha zimepinda juu yake, na mnaojua mnajua hiyo ni dalili ya kifua kilichoteseka miaka mingi. Alikuwa amekwisha kutibiwa TB mara mbili, kule zahanati na hospitali nyingine, ingawa hakuna aliyewahi kuiona TB yenyewe kwenye makohozi yake. Picha ya kifua ilikuwa mbaya, anakohoa, anakonda. Ungemtibu nini kingine? Zile sindano za siku hizo zilimwachia mlio masikioni usiokwisha, kwa hivyo ukizungumza naye alikuwa anakugeuzia upande mmoja wa uso.

Nikampa kikopo, nikaanza hotuba yangu ya pumzi ndefu. Akanikatiza.

"Wacha, mama. Kwa kukohoa mimi ni fundi. Nikufundishe wewe?"

Na kweli alikuwa fundi. Aliinama, akashika magoti, akakohoa kutoka chini kabisa, akanirudishia kikopo chenye kitu ambacho sikuwa nimewahi kukiona maishani. Makohozi mazito ya kijani, na ndani yake vipande vya kahawia, vigumu kidogo, mfano wa majani ya chai yaliyobaki chini ya sufuria. Mama yake alikuwa amesimama kando, mwanamke mrefu mwenye leso kichwani. Alikuwa amezika watoto wawili kabla ya huyu, wote wa kukohoa, wote kabla ya kujua kusoma.

TB hakuna. Nikatazama tena, hakuna. Kwenye kisahani ikaota kuvu ya kijani ya moshi, laini kama kitambaa cha kochi. Nikatupa. Makohozi mengine yakaja, kuvu ile ile. Tukatupa.

Daktari wa wodi wakati huo alikuwa Daktari Salim, mtu wa Mombasa, amehamishiwa kwetu karibuni na baridi ya Kitale ilikuwa imemshinda. Alivaa sweta mbili, moja juu ya nyingine, na koti jeupe juu yake, akawa mnene kuliko alivyokuwa. Kiswahili chake kilitutia haya. Akaingia maabara akitafuta majibu ya Nekesa.

"Haina TB, daktari," nikasema. "Imeota kuvu tu."

"Nionyesheni hicho kisahani."

"Tumetupa."

"Na cha mara ya kwanza?"

"Kiliota kuvu pia. Tulitupa."

Akatutazama, mimi na Bwana Mwangi, halafu akaanza kucheka, lakini kicheko hakikuwa na furaha. "Basi nipelekeni kwenye pipa."

"Pipa tunachoma kila jioni," Bwana Mwangi akasema, na nilisikia kwenye sauti yake kwamba ameanza kuwaza.

Hapo ndipo niliona mwalimu wangu ni mtu wa namna gani. Hakubisha wala hakujitetea. Alisema, "Mimi siamini kuvu mpaka iniambie imetoka wapi," halafu akatupangia kazi. Visahani vitupu, bila makohozi, tukaviacha wazi kimoja maabara, kimoja wodini, kimoja nje karibu na lango, ili tuone vumbi lenyewe linaotesha nini. Makohozi ya Nekesa tukayachukua asubuhi, kabla watu wa jirani hawajaanza kupura, tukayaosha kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa. Na Daktari Salim akaomba jambo ambalo tulikuwa tunafanya kwa magamba ya ngozi ya watu wenye mashilingi, yale mabaka ya mviringo ya kuvu, siyo kwa makohozi: tuweke tone la dawa ya potasi, ile inayoyeyusha kila kitu cha mwili wa binadamu na kuiacha kuvu, na tutazame papo hapo, kabla kitu chochote hakijapata nafasi ya kumea.

Vile visahani vitupu vyote viliota kuvu, kwa hivyo jibu likabaki kwenye lile tone. Nilitazama mimi. Nilichagua kile kipande cha kahawia, nikakibonyeza chini ya kioo, nikangoja kiyeyuke. Kikaanza kuangaza polepole. Halafu nikaziona: nyuzi nyembamba zenye mapingili, zikigawanyika matawi, uzi mmoja unakuwa miwili, miwili inakuwa minne, zimejaa pale mpaka pembeni. Nikamwita Bwana Mwangi. Akainama, akakaa sana bila kuinua kichwa.

"Vumbi linaweza kuniletea mbegu ya kuvu," akasema. "Haliwezi kuniletea kuvu iliyokwisha kuota matawi. Hii ilikuwa inaishi ndani."

Mngedhani tulifurahi. Mimi nilitoka nje nikasimama karibu na bomba la maji, na nilikuwa nafikiria vile visahani vingine vyote tulivyochoma, na nilikuwa naogopa. Naogopa hata leo nikiandika.

Mambo hayakuwa yameisha. Kuvu ile, inayoitwa aspagilasi, haikuwa inamla mapafu tu. Mwili wenyewe ulikuwa umekasirishwa nayo, kifua kinavimba na kuziba kwa hasira. Dawa ya kutuliza hasira hiyo tulikuwa nayo, vidonge vya prednisolone, hata kwa watu wa pumu tulikuwa tunatoa. Lakini dawa hiyo inaulaza ulinzi wote wa mwili. Daktari Salim alitueleza akiwa amesimama mlangoni na mikono ndani ya sweta.

"Nikimpa, na kumbe TB imejificha mahali, nitakuwa nimemuua kwa mkono wangu. Nisipompa, atakufa kwa kuvu. Nyinyi ndio macho yangu. Niambieni."

Bwana Mwangi akanigeukia. "Soma tena."

Nikasoma tena. Makohozi mapya kila asubuhi, mpaka macho yananitoka machozi na nikifumba naona ile rangi ya buluu tunayopaka mwisho. Bwana Mwangi anasoma nyuma yangu bila kuniuliza nimeona nini, ili nisimpotoshe. Hakuna TB. Tukamwambia daktari hakuna, na usiku huo sikulala vizuri, maana neno "hakuna" ni zito kuliko "ipo". Ukisema ipo, umeiona. Ukisema hakuna, unaapa juu ya kitu ambacho hukukiona.

Kabla ya kuanza dawa daktari aliwaita wazazi wote wawili ofisini, akaniambia na mimi niketi, kwa sababu mama alikuwa amenizoea. Baba yake Nekesa aliitwa Wafula, mkulima, mtu wa maneno machache na kofia ya mvua aliyoikunjakunja mikononi. Daktari aliuliza maswali ya ajabu. Huyu mtoto anakula? Anakula kuliko sisi, mama akasema, na haionekani anakoipeleka. Choo chake kikoje? Mama akaona haya, akasema kina mafuta, kinaelea, kinanuka vibaya. Na jasho lake?

Mama akafikiri. "Jasho sijui, daktari. Lakini mbuzi wanampenda."

"Mbuzi?"

"Ee. Wakifunguliwa wanaacha wenzake wote, wanamfuata yeye. Wanamlamba mikono, wanamlamba miguu. Tangu akiwa mdogo. Hata hao wengine wawili, hivyo hivyo."

Mimi nilitaka kucheka. Daktari Salim aliweka kalamu chini. Kipimo cha jasho Kitale hakikuwepo, sijawahi hata kukiona kwa macho, na yeye mwenyewe alisema hawezi kuapa. Lakini ulikuwepo ugonjwa aliosoma juu yake, sistiki faibrosisi, ambao kwa watu weusi waliamini ni adimu sana. Jasho la mtoto linakuwa na chumvi nyingi, kamasi ya kifua na tumbo inakuwa nzito kama gundi, chakula hakishiki, na kifua kinakuwa shamba la kila mdudu anayepita. Kuvu ikiingia pale haitoki.

"Mtoto anazaliwa nao," akawaambia. "Na hawezi kuupata kwa mzazi mmoja. Lazima baba atoe nusu na mama atoe nusu, na wote wawili wanaweza kuwa wazima kabisa, hawajui."

Wafula akaacha kukunja kofia. "Kwa hivyo na mimi niko ndani."

"Nusu kwa nusu, mzee wangu."

Akasimama, akavaa kofia ndani ya ofisi, akatoka. Mama Nekesa alibaki kwenye kiti. Aliniambia mimi, si daktari. Wifi zake walikuwa wamekwisha kusema: huyu mwanamke ana mkosi, Wafula atafutiwe mwingine wa kumzalia watoto wanaoishi, na yeye arudishwe kwao. Walikuwa wanangoja tu waone huyu wa tatu.

"Waambie basi vile daktari amesema," nikamwambia.

"Mimi? Nani atanisikia mimi? Ni yeye aseme. Na hatasema. Mwanaume atasimama wapi aseme kitu kama hiyo?"

Ukoo ule niliufahamu, ni kama wetu.

Daktari alimuuliza bado jambo moja: mtoto analala wapi? Akasema analala na mahindi. Hapa msije mkamcheka mtu. Kule Kwanza mwaka mzima wa mkulima uko ndani ya yale magunia: karo, mbolea, chumvi, nguo za Krismasi. Ghala la nje linavunjwa usiku. Kwa hivyo mahindi yanaingizwa nyumbani, yanapangwa chumba cha watoto mpaka karibu na dari, na godoro linawekwa juu. Ni mahali penye joto, watoto wanapagombania, na mgonjwa ndiye anayepewa. Kwa upendo wote wa wazazi wake, Nekesa alikuwa amelalishwa miaka yote juu ya kuvu, maana mahindi yakiingizwa na unyevu kidogo tu yanaota ndani kwa ndani na huoni.

Wafula alirudi kesho yake. Hakuzungumza habari za nusu yoyote. Aliuliza tu ghala lijengwe umbali gani na nyumba, akaenda akalijenga.

Na Nekesa akapona! Najua, siyo neno la kutumia, lakini mngemwona mngelitumia. Vidonge vile vilimfungua kifua. Mama yake alifundishwa na wauguzi kumlaza kichwa chini juu ya mapaja na kumpigapiga mgongo kwa kiganja kilichokunjwa, asubuhi na jioni, mpaka gundi ile itoke. Mashavu yakavimba kwa dawa, akaja kliniki anajishika uso.

"Si nimekuwa kama bibi ya chifu?" akaniuliza.

"Chifu gani atakuoa na hiyo kelele yako?"

"Aii mama, sasa hata naimba. Sikohoi katikati ya wimbo."

Akaniimbia pale kwenye benchi, wimbo wa shule, mpaka mwisho. Sauti yenyewe ilikuwa mbaya. Bwana Mwangi alitoka nje kusikiliza, na alikuwa mtu wa kutosikiliza kitu.

Halafu mavuno yakaja. Aliletwa midomo ikiwa ya rangi ya zambarau, amekaa kitandani ameinamia mbele kama mtu anayetafuta kitu sakafuni. Nilipotazama makohozi yake nyuzi zilikuwa nyingi kuliko siku ile ya kwanza. Nikaenda wodini na hasira zangu. Ghala si lilijengwa? Lilijengwa. Mahindi yalirudishwa ndani? Hayakurudishwa.

"Alipura," mama yake akasema.

Nikamgeukia yule mtoto. "Nani alikuambia ukapure? Nani?"

Alinigeuzia lile sikio lake zuri. Alikuwa anapata neno moja kwa kila pumzi.

"Hakuna mtu. Mama, nilikuwa na nguvu." Akapumzika. "Hujui. Wengine wote wanapura, mimi nimekaa kwa kiti kila mwaka. Nilikuwa na nguvu, haki."

Haya, mwambie nini? Sisi ndio tuliompa hizo nguvu. Nilimfunika miguu nikarudi maabara, na nilivunja kioo kimoja nikikiosha, na Bwana Mwangi alijifanya hakusikia.

Kwa kuvu yenyewe, siyo hasira ya mwili bali kuvu, kulikuwa na dawa ya dripu, kali, inayomtetemesha mgonjwa kitanda kikalia. Daktari Salim alipiga simu Nairobi, laini ikakatika, akapiga tena. Waliahidi kuituma. Daktari alikuwa bado anaingoja dawa hiyo wakati Nekesa alipokufa, asubuhi, analetewa uji. Mama yake alikuwa bado anampigapiga mgongo. Muuguzi ndiye aliyemshika mkono, akamwambia wacha, mama, imetosha.

Mazishini sitaki kufika bado. Wacha niwaambie kwanza habari za Bungoma.

Nilihamishiwa huko miaka ya tisini, na siku ya kwanza kabisa nikamkuta kijana wa maabara, mtaratibu, ana cheti kizuri, anaelekea kwenye pipa na kisahani chenye manyoya ya kijani. Nilimpigia kelele mpaka wagonjwa wa foleni wakasimama. Masikini, hakujua amefanya nini. Nikamketisha, nikamwonyesha tone la potasi. Miaka hiyo ndiyo vidonge vya kuvu vilianza kupatikana, kwa shida, leo vipo kesho havipo. Tulipata wagonjwa ambao TB iliwaachia tundu kwenye pafu na kuvu ikajenga humo kama panya. Wengine walipona. Wengi hatukuwawahi. Mtoto mwingine wa kulambwa na mbuzi sikumpata kamwe, na sijui kama ni kwa sababu hakuwepo au kwa sababu mama zao hawakuulizwa. Ulizeni, tafadhali. Hata swali likikuchekesha.

Na kuvu ikiota tena, kwa mtu yule yule, usinitupie. Weka kisahani kitupu kando yake. Tazama makohozi mabichi. Ukimaliza ndipo utupe, ukiweza.

Basi. Wafula alimzika kwao, upande wa Bungoma, chini ya ile barabara inayopanda Cheptais, kwa sababu ndiko kwenye boma la baba yake na ndiko wale wawili walikozikwa. Tulikwenda sisi watatu, Daktari Salim, Bwana Mwangi na mimi, kwa gari la hospitali. Kulikuwa na turubai, watu wengi, na kipaza sauti cha kanisa kinachopiga mluzi. Mama Nekesa alikaa karibu na jeneza, macho makavu. Hakuwa amelia tangu wodini, na hilo nalo lilisemwa. Nyuma yangu wanawake walikuwa wanasema, bila hata kushusha sauti, tazama, huyo halii, amezoea.

Dada mkubwa wa Wafula alipewa kipaza sauti. Alimshukuru Mungu, akawashukuru wageni wa hospitali, halafu akasema hili kaburi ni la tatu, na ndugu yake bado ni kijana, na boma halijengwi kwa makaburi, na wazee wanajua la kufanya. Watu wakaitikia mmm. Hakumtaja mtu jina. Wote waligeuka wakamtazama mama Nekesa, na yeye akainamisha kichwa, na nilijua kwamba akitoka pale hana nyumba.

Nilitaka kusimama mimi. Bwana Mwangi akanishika kiwiko. Wafula alikuwa amekwisha kusimama, anamwendea dada yake, anamwomba kile kipaza sauti. Alianza kwa Kibukusu. Halafu akatuona sisi wageni, akarudia kwa Kiswahili.

"Mimi si mtu wa maneno. Daktari ndio huyo, amekaa hapo, mnaweza kumuuliza. Alituita kwa ofisi, mimi na mama Nekesa, akatuambia huu ugonjwa mtoto anazaliwa nayo. Na haiwezi kutoka kwa mtu mmoja. Ilitoka kwa huyu mama, na ilitoka kwangu. Nusu kwa nusu. Nimejua hiyo maneno mwaka mzima na nikanyamaza, na nyinyi mkiwa mnamsema. Sasa kama kuna mtu wa kufukuzwa hapa, mtufukuze wawili."

Kipaza sauti kikapiga mluzi. Hakuna aliyeitikia mmm. Dada yake alitazama pembeni na wazee wakatazama fimbo zao. Mama Nekesa aliteleza kutoka kwenye kiti, akakaa chini kwenye nyasi na miguu mbele, akaanza kulia kwa sauti kubwa, analia majina ya wote watatu. Wafula akamrudishia mchungaji kipaza sauti. Akaja akaketi kando yake hapo chini, na koti lake la mazishi, mbele ya ukoo wote, na hakuinuka mpaka kaburi lilipofukiwa.